Zimeni Televisheni, Mzungumze



Jana usiku mlizungumza nini? Siulizi juu ya karo wala unga uliokwisha. Nauliza kama mlizungumza ninyi wawili, bila sauti ya tatu chumbani.

Mama mmoja alinieleza kwamba habari ya mumewe kuachishwa kazi aliipata kwa jirani, wiki tatu baadaye. Wiki hizo zote waliketi kila jioni kwenye kochi moja: saa moja taarifa ya habari, kisha mchezo wa kuigiza, saa tatu habari tena, halafu kulala. Mume alipoulizwa alijibu, "Sikupata nafasi." Mama alikasirika sana, na ni haki yake. Lakini baadaye alikiri mwenyewe kwamba jioni moja mumewe alianza kusema jambo, naye akamwambia, "Ngoja kwanza matangazo yaje."

Kuwa na televisheni si dhambi. Makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wengi wetu tulifuata Misa kwa chombo hicho, tukashukuru. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika juu ya televisheni na familia mwaka 1994. Hakuilaani, ila aliwakumbusha wazazi kwamba mara nyingine yafaa kuizima tu, kwa kuwa yapo mambo bora ya kufanya. (Simu nayo ina kesi yake, tuiache leo.)

Mtume Paulo anawaonya Waefeso wasiache jua lichwe wangali na hasira. Kwetu jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu. Nusu saa baadaye taarifa ya habari inaanza, na ile hasira inabaki pale pale, imekaliwa kama mto wa kiti!

Basi chagueni jioni mbili kwa juma. Baada ya sala, watoto wakishalala, izimeni. Baba, usiseme mpira uishe kwanza. Siku ya kwanza mtaoneana haya kama wachumba, pengine mtanyamaza dakika kumi nzima. Msiiwashe. Mwenye jambo zito aanze, na mwenzake asikilize mpaka mwisho bila kujitetea.

Mama yule na mumewe walijaribu hivyo. Neno la kwanza alilotamka mumewe lilikuwa kiasi cha pesa kilichobaki benki.