Kuezeka na Kuezekea

Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyewahi kuwafundisha wanafunzi wake kauli ya kutendea. Twasema "kujenga", kisha twasema "kujengea". Twasema "kuezeka", kisha twasema "kuezekea". Twajua kwamba kauli hii ina matumizi mengine, kama tunapotaja makuti ya kuezekea. Lakini tukisema "fundi amewaezekea wachuuzi", kiambishi kile kidogo humwingiza katika sentensi mtu ambaye hakuwamo, yaani yule anayetendewa. Katika makala haya twakusudia kuuliza hivi: fundi anapoikabidhi kompyuta hesabu ya paa, je, mtendewa hubaki katika sentensi, au huondoka kimyakimya?

Swali hili si la kubuni. Katika miji kadhaa ya Ulaya, masoko ya kale yamepewa mapaa mapya, mapana na mepesi, ambayo mkono wa mtu peke yake usingeweza kuyakokotoa. Elimu iliyoyazaa ina asili ya mbali. Mwaka 1675 Mwingereza Robert Hooke alikwisha kutangaza kwamba umbo la mnyororo unaoning'inia, likigeuzwa juu chini, ndilo umbo la tao linalosimama imara. Antoni Gaudí, huko Catalonia, alining'iniza nyuzi zenye vifuko vya risasi ndogondogo ili apate umbo la kanisa. Mjerumani Frei Otto alitumia wavu wa minyororo kupata umbo la ukumbi wa Mannheim uliofunguliwa 1975. Wavu ukapimwa, vipimo vikatiwa katika kompyuta, na paa likajengwa kwa fito za mbao. Hata hivyo wahandisi hawakuridhika na hesabu peke yake. Walitundika katika paa hilo mapipa ya taka yaliyojazwa maji, wapate kuona kama litashuka kwa kiasi kilichotabiriwa. Siku hizi kompyuta yenyewe ndiyo mnyororo, nayo yaweza kujaribu maumbo maelfu kabla fundi hajamaliza chai yake.

Jambo moja katika elimu hii lastahili kufikiriwa na kila mtu, hata asiye mhandisi. Paa jepesi si paa lisilo na mzigo. Mzigo hauondoki, huhama. Paa zito hutulia kwa uzito wake, ilhali paa jepesi hutaka kupeperushwa na upepo, na kwa hiyo hapana budi lifungwe chini. Kilichopunguzwa katika boriti huongezwa katika viungo, au katika msingi, au katika mfuko wa mlipaji. Basi anayejisifu kwamba amejenga kitu chepesi yafaa aulizwe: chepesi kwa nani?

Tutazame mji wa Seville, kusini mwa Hispania. Katika uwanja wa Encarnación palikuwapo soko lililojengwa katika karne ya 19. Sehemu yake ya mwisho ilibomolewa 1973, na wachuuzi wakawekwa katika soko la muda. Muda huo ulizidi miaka 35. Katika miaka ya 1990, wachimbaji waliokuwa wakitayarisha maegesho ya magari chini ya ardhi walikuta magofu ya Kirumi, na kazi ikasimama. Mwaka 2004 yalifanyika mashindano ya usanifu, naye Mjerumani Jürgen Mayer akashinda kwa mchoro wa miavuli sita ya mbao iliyoungana, yenye urefu wa mita 150 hivi.

Mchoro huo ulipendeza kuutazama. Kuukokotoa ikawa shida. Unene wa kila ubao ulitegemea uzito wa paa zima, na uzito wa paa zima ulitegemea unene wa kila ubao. Kompyuta ilibidi izunguke katika mduara huo tena na tena mpaka namba zitulie, na vipande vyenyewe vilikuwa zaidi ya 3,000. Mwaka 2007 wahandisi walitoa taarifa kwamba jengo, kama lilivyochorwa, halikuwezekana. Ilibidi viungo vitafutiwe njia mpya, na gundi ya kushikiza vyuma ndani ya mbao iwe ya kustahimili joto kali la kiangazi cha huko. Jengo lilikamilika 2011, miaka kadhaa baada ya wakati uliopangwa, na kwa gharama iliyopita mno makadirio.

Ni nani, basi, aliyeubeba mzigo uliohama? Waliubeba walipa kodi wa mji, na waliubeba wachuuzi. Twapaswa kusema kwa haki kwamba sehemu kubwa ya kungoja kwao ilitangulia paa hili. Lakini miaka iliyoongezwa na ugumu wa hesabu iliongezwa juu ya mabega yaleyale. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mbele ya anayechora, miaka mitatu ya mwuza samaki ni usufi mtupu.

Huenda msomaji akatujibu: je, mlitaka watu wale wabaki katika vibanda? Hasha. Paa lile liliwarudishia soko lao. Kadhalika, kwa kuwa husimama juu ya nguzo chache, limeyanusuru magofu, nayo leo yatazamwa na wageni chini ya soko. Wenyeji wameliita jina la uyoga, na watu hawakipi jina la utani kitu wasichokijali. Hatusemi, basi, kwamba paa ni baya. Twasema kwamba wema wake hauonekani katika wepesi wake.

Mfano wa pili ni soko la Santa Caterina mjini Barcelona, lililofunguliwa 1848. Enric Miralles na mkewe Benedetta Tagliabue waliziacha kuta za kale zisimame, wakatandaza juu yake paa la mawimbi lenye vigae 325,000 vya rangi 67, rangi za matunda na mboga zinazouzwa chini yake. Miralles alifariki 2000, na mkewe akaikamilisha kazi. Hapa umbo lilianzia katika soko lenyewe. Hata hivyo kazi ilianza 1997 ikaisha 2005. Miaka minane nayo ni mzigo.

Karibu nasi zaidi liko soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa 1975 na kuunguzwa na moto Julai 2021. Msanifu wake, Beda Amuli, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege, itoe kivuli kama miti ya gulio na kuyakinga maji ya mvua. Zege ni zito. Lakini swali lililoulizwa pale lilikuwa la mwuzaji na mnunuzi: jua litazuiwaje, na mvua itakwenda wapi? Kumbe uzito si dhambi, wala wepesi si fadhila.

Kwa maoni yetu, kosa si la kompyuta. Tukiiambia ipunguze uzito, itapunguza. Tukiiambia nguzo zisiguse magofu, itatii. Na kama tungeiwekea sharti kwamba hapana mchuuzi atakayeondolewa mahali pake kwa zaidi ya mwaka mmoja, nalo lingeingia katika hesabu, na maumbo mengi mazuri yangetupwa kwa ajili yake. Kompyuta haikatai sharti, hungoja kuambiwa. Asiyetajwa mwanzoni hatokei mwishoni, hata namba ziwe sahihi namna gani.

Basi, walimu wenzetu, tunapofundisha kauli ya kutendea tusiwafundishe wanafunzi umbo la kitenzi tu. Miongoni mwao wamo wasanifu na wahandisi wa kesho. Tuwazoeze kuuliza, kila wasikiapo kwamba kitu kimejengwa, kimejengewa nani, na ni nani aliyeachiwa kukibeba.