Kahawa Niliichemsha Mimi

Kwetu Marangu kahawa haitafutwi mbali. Imesimama chini ya migomba, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Mama huikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma mpaka moshi umtoe machozi, kisha huitwanga kwenye kinu. Wachaga tumeilima kwa zaidi ya miaka mia moja, tumeijengea nyumba na kuilipia ada za shule, ila wazee wetu wengi hawakuwahi kuizoea mdomoni. Kahawa ilikuwa ya kuuza, ya kunywa ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Desemba ikifika, kila aliyeko Dar, Arusha au Mwanza anapopanda kurudi mlimani, viwili hivyo hukutana kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo: mbege jioni, kahawa asubuhi. Nadhani hapo ndipo tulipoipata ile imani kwamba ya asubuhi hufuta ya jioni.

Shemeji yangu, mume wa dada, si mlevi. Naliweka hili mbele kwa sababu visa vya pombe tumezoea kuvisimulia kama vile vinawahusu wale wanaolala mitaroni. Huyu ni fundi wa majokofu, mtu wa ratiba, anayeandika kwenye kijitabu hata lita za petroli. Siku ya mwaka mpya alianza na mbege mchana kwa heshima ya baba mkwe, maana kata ikikufikia mbele ya wazee huikatai. Saa mbili usiku akahamia kwenye bia. Alipokwenda kulala, saa saba kasoro, nilizihesabu chupa chini ya kiti chake nipate la kumtania kesho. Zilikuwa saba.

Saa kumi alfajiri simu yake ikalia. Kulikuwa na mteja anamsubiri Dar, safari ya zaidi ya kilomita 500. Akatoka chumbani akipapasa ukuta, kichwa kinamgonga, ulimi mkavu kama ganda la mgomba. Vitabuni wanaita mning'inio. Mtaani ni hangova, na haina mbwembwe.

Mama akamtazama. "Baba, si ulale kwanza? Gari halikimbii."

"Nipo sawa, mama. Nikipata kahawa tu."

Baba akadakia kutoka kitini kwake, "Mpikieni kahawa. Kahawa inakata pombe."

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na jiko. Niliichemsha nzito, vijiko vinne vya chakula kwenye sufuria ndogo, bila sukari, kwa kuwa tunaamini uchungu ndio unaofanya kazi. Kikombe cha kwanza alikinywa amesimama, cha pili ameketi. Iliyobaki nikaimimina kwenye chupa ya chai kwa ajili ya njiani. Nusu saa haikuisha, mtu akabadilika. Mabega yakanyooka. Akakagua maji na matairi mwenyewe, akamtania baba kuhusu ng'ombe wake asiyetoa maziwa, akaimba kidogo. Dada na watoto wangefuata baadaye kwa basi. Saa kumi na moja mimi nikaingia kiti cha mbele, upande wa kushoto, chupa ya chai katikati ya magoti.

Nusu saa ile ndiyo iliyotudanganya, kwa hiyo niieleze.

Tangu mtu anapoamka, ubongo wake hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo inavyoongezeka, na kila inapopata pa kukaa kwenye seli, seli hiyo husinzia kidogo. Kafeini ina umbo linalokaribiana nayo. Ikifika huvikalia vile vigoda, adenosini ikabaki imesimama uani. Usingizi haujaondoka, umenyimwa kiti tu, na kafeini ikishapungua utaingia na kuketi. Muda wote huo pombe iliyomo kwenye damu haijaguswa na ugomvi wa viti. Yenyewe iko kwenye foleni nyingine kabisa, kwenye ini.

Foleni ya ini haina mlango wa uani. Ini huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha asetaldehaidi huwa asetati, ambayo mwili unaweza kuimaliza. Mtu mzima wa kawaida humaliza gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Chupa saba ni gramu 140. Kutoka saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa tisa. Hata tukimpa shemeji ini hodari, lililochapa kazi usiku kucha bila kupumua, alipowasha gari alikuwa bado na gramu 50 mwilini, yaani chupa mbili na nusu, na mbege ya mchana sijaigusa. Kwa mwanamume wa kilo 75 hiyo ni karibu miligramu 100 katika kila mililita 100 za damu. Sheria ya usalama barabarani ya Tanzania imeweka mpaka kwenye miligramu 80. Vikombe viwili vya kahawa havikupunguza hata moja, na vingekuwa kumi hesabu ingekuwa ileile. Kuoga maji ya baridi hakupunguzi. Kukimbia hakupunguzi.

Supu nayo ndiyo hivyo hivyo, ingawa supu naiheshimu sana. Pombe huizima homoni inayoiambia figo ibane maji, ndiyo maana mnywaji anashinda njia ya chooni na kuamka amekauka. Bakuli la makongoro lenye chumvi na ndimu humrudishia sehemu ya alichopoteza. Atajisikia mtu tena. Kulevuka ni jambo jingine, linasubiri saa zake. Kuhusu kuzimua kwa bia ya asubuhi sina maneno mengi: huko ni kulipa deni kwa kukopa, na wapo ambao hawakurudi kutoka huko.

Basi tukateremka. Himo, Mwanga, Same. Shemeji alikuwa anaongea. Sijawahi kumsikia akiongea vile: bei za kompresa, gesi inayovuja, mteja aliyemlipa kwa kuku. Same akanyoosha mkono bila kunitazama, nikammiminia cha tatu. Milima ya Upare iko kushoto kwako ukielekea Dar, na asubuhi ile jua lilikuwa bado halijaivuka, barabara iko kivulini, ubaridi unaingia dirishani. Kabla ya Hedaru akasema, kwa sauti tulivu kabisa, "Kuna matawi pale."

Anayesafiri njia zetu anajua maana ya matawi. Dereva wa lori likimharibikia hukata matawi mabichi na kuyalaza barabarani nyuma ya gari, moja baada ya jingine, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Shemeji aliyaona kabla yangu. Aliyataja kwa mdomo wake. Mguu ukabaki kwenye mafuta. Tawi la kwanza likapita chini yetu, nikalisikia likivunjika. La pili. Nami nimeshika kikombe, nasubiri apunguze, kwa sababu mtu aliyeitaja hatari unadhani ameshaipokea. Alikata usukani kulia mwishoni kabisa. Kichwa cha gari kikapona. Kona ya nyuma ya lori ikaingia mlangoni kwangu.

Hakuna aliyekufa. Yeye alichanika paji la uso. Mimi mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili, na kahawa ya mama ikaniunguza mapaja, jambo ambalo kwa namna fulani niliona ni haki. Askari wa usalama barabarani alipofika, shemeji alimpa maelezo mazuri, yamepangika, mwanzo mpaka mwisho, akamalizia kwamba yeye ni mzima na amekunywa kahawa vikombe vitatu. Askari akampa kipimo apulize. Kile kifaa hakisomi kahawa. Usiku ule shemeji alilala kituoni, na mteja wa Dar akatafuta fundi mwingine.

Nilikaa wiki kadhaa na mkono kwenye plasta, nikawa nasoma. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia, Danielle Gulick na Thomas Gould, walichapisha majaribio waliyofanya kwa panya. Waliwaweka panya mahali penye njia kadhaa, mojawapo ikiwa na mwanga mkali na kelele za kuudhi. Panya mzima hujifunza haraka kuikwepa njia ile. Aliyenyweshwa pombe hakujifunza, na alikuwa ametulia, hana wasiwasi. Walipompa na kafeini juu yake, uwezo wa kuikwepa haukurudi. Alikuwa macho, na akaingia palepale. Nilipofika hapo nilifunga nikaenda kukaa nje, maana nilikuwa nimeshamwona panya yule akishika usukani.

Marekani hawakuishia kwa panya. Novemba 2010 mamlaka yao ya chakula na dawa iliziandikia kampuni nne zilizokuwa zikiuza vileo vilivyochanganywa na kafeini katika kopo moja, ikizionya kwamba kafeini hiyo haikubaliki humo kwa usalama. Hoja yao ni ileile ya Hedaru. Mlevi anayesinzia anajijua amelewa na watu wake wanamjua, huweza kunyang'anywa funguo. Mlevi aliyeamshwa anaimba na kukagua matairi. Nani atamnyang'anya?

Nisiionee kahawa, hata hivyo. Kwa kichwa kinachouma huenda ina msaada. Mwishoni mwa 2010 Michael Oshinsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, Philadelphia hiyohiyo, walionyesha kwa panya kwamba maumivu ya kichwa yanayokuja saa kadhaa baada ya pombe yana uhusiano na ile asetati, na kwamba kafeini iliweza kuyazuia. Baadhi ya vidonge vya maumivu tunavyonunua dukani vina kafeini ndani yake. Tena, mnywaji wa kahawa wa kila siku akikosa kikombe chake kichwa humuuma kwa kule kukosa tu, kwa hiyo kahawa ya asubuhi humtibu maradhi ambayo pombe haikuyaleta. Anayebaki nyumbani, akanywa kikombe kimoja na maji ya kutosha pembeni, simzuii, ila ajue kwamba tumbo lililochubuliwa na pombe linaweza kuitapika na moyo ukadunda kama ngoma. Kuhusu tiba ya hangova yenyewe, Max Pittler, Joris Verster na Edzard Ernst walipitia majaribio yaliyokuwepo, wakaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, mwaka 2005, kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa dawa yoyote, iwe ya kisasa au ya asili, inaizuia au kuiponya.

Wasufi wa Yemen walioanza kuinywa kahawa karne ya 15 wala hawakuitaka kwa ajili ya walevi. Waliitaka iwakeshe kwenye dhikri za usiku, na mpaka leo kazi inayoijua ni hiyo ya kukesha. Kichekesho kimo kwenye jina: wataalamu wa zamani wa lugha ya Kiarabu wanasema qahwa, kabla halijawa la kinywaji hiki, lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo.

Hayo yote nilimsomea baba: ini, gramu, panya, Philadelphia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Basi mliipika nyepesi," akasema.

Sikubishana naye. Mkono wangu una chuma ndani, na ubaridi wa mlimani ukianza huniambia kabla ya redio. Desemba iliyopita tulikuwa wote tena. Shemeji alikunywa, safari hii bia nne, na mama akazihesabu waziwazi, kwa sauti, kila kizibo kilipoanguka. Alfajiri, bila kuulizwa, akamkabidhi dada funguo, akaingia nyuma na watoto.

"Shemeji," akaniita kupitia dirishani, "ile chupa ya chai iko wapi?"

Nikampa. Dada anasema walipofika Mwanga alikuwa anakoroma, kikombe kimeegemea kifuani kwake, kahawa imejaa kama nilivyoimimina.