Je, Mhunzi Ana Sehemu Katika Kosa la Mwenye Kisu?

Katika darasa letu hapa Msambweni liliulizwa swali ambalo hatukupenda kulijibu kwa haraka: mhunzi amefua kisu akakiuza, kikaulia mtu, je, mhunzi naye ana sehemu katika dhambi ile? Wengi walisema hana, na wamesema kweli, maana kisu ni cha samaki kabla hakijawa cha jambo jingine. Lakini twawaomba ndugu wasomaji watazame nasi mhunzi wa namna nyingine.

Mwaka 1936 jeshi la Ujerumani lilianza kujenga mahali pa kujaribia roketi huko Peenemünde, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Baltiki. Wernher von Braun na wenziwe walikuwa mabingwa wa ilimu, na tarehe 3 Oktoba 1942 roketi yao ilipaa zaidi ya kilomita 80. Baadaye von Braun alisema kwamba nia yake ilikuwa kufika kwenye sayari. Huenda ndivyo. Lakini mwenye kulipa alikuwa jeshi, wala hakuficha alitakalo. Septemba 1944 roketi zile zikaanza kuangukia Paris na London. Na kabla ya hapo, Waingereza walipoipiga Peenemünde mabomu Agosti 1943, kazi ya kuziunda ilihamishiwa ndani ya mlima karibu na Nordhausen, wakatumikishwa wafungwa. Yapata watu 20,000 walikufa katika kambi ya Mittelbau-Dora na matawi yake. Waliokufa kwa kuiunda silaha ile wahesabiwa kuwa wengi kuliko waliouawa nayo. Von Braun aliingia katika mashimo yale, akaona kwa macho yake. Hapo udhuru wa mhunzi umekwisha, kwani mteja huyu alisimama penye mvukuto akimtaja atakayemchinja.

Wala mtu asidhani hayo ni ya Ulaya tu. Kurt Debus, aliyefanya kazi Peenemünde, alikuja kuwa mwenyekiti wa OTRAG, kampuni ya Kijerumani iliyopewa na serikali ya Mobutu kilomita za mraba 100,000 kule Shaba ili ijaribu roketi. Ni kama Kwale yetu mara kumi na mbili. Zilirushwa mwaka 1977 na 1978. Kampuni ilisema ni za kupelekea setilaiti angani, nasi hatuna haki ya kuizulia. Lakini Urusi na baadhi ya majirani walishuku, na mwaka 1979 kibali kikaondolewa. Aliyekwisha kusema mara moja, "Mimi nafua tu," ataapa kwa nini mara ya pili?

Mzee mmoja mwenye mashua Gazi akatuuliza: na aliyempangisha mhunzi banda, je? Swali lake tumeliweka kwa darasa lijalo.