Tofauti siyo Hitilafu



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Runzewe. Jumapili moja baada ya Misa nilisimama nje ya kanisa kusalimiana na watu, akaja mama mmoja wa jumuiya yetu na mwanae mwenye ualbino, kofia pana kichwani. Tukaongea habari za shule. Nilitaka kujua kama mtoto anaketishwa mbele, maana wengi wenye ualbino hawaoni vizuri ubaoni. Basi nikauliza kwa upole kabisa: "Mama, walimu wanafahamu kwamba mtoto ana hitilafu?"

Nilidhani nimeongea kistaarabu. Si nimelikwepa lile neno la zamani, zeruzeru? Mama akatabasamu, akasema: "Frateri, hitilafu ni ya karasha. Huyu ni mtu."

Kwa msiotoka huku: karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ikipata hitilafu anaitwa fundi. Nilirudi nyumbani kimya.

Sasa, ukishasoma falsafa huna raha, neno moja linakukosesha usingizi. Nikaanza kulichimba. Hitilafu limetoka kwenye Kiarabu, ikhtilaf, na huko maana yake ni kutofautiana. Ndugu zetu Waislamu wanalikuta katika Qurani, sura ya 30, aya ya 22, panapotajwa tofauti za lugha na rangi za wanadamu kuwa ni ishara za Mungu. Hata kamusi zetu zinaweka "tofauti" kati ya maana zake. Lakini wewe leo unalisikia wapi? Hitilafu ya umeme. Hitilafu ya injini. Neno limetoka kwenye tofauti likaishia kwenye kasoro, na mimi nililichukua hivyo hivyo nikamvika mtoto.

Tazama na neno mbalimbali. Hili ni letu kabisa, ni "mbali" limerudiwa. Tukisema "watu mbalimbali" hatuna nia mbaya. Ila kuna kumweka mtu mbali mpaka asiwe tena mwenzako. Nyote mmesikia ule uongo kwamba mwenye ualbino hafi, anapotea tu. Ukishaamini hivyo, umeshamtoa kwenye utu. Kanda yetu inajua mwisho wake: waganga wakawadanganya wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya mtu vinaleta utajiri, na watu wakauawa. Februari 2015, Chato, mkoa huu huu wetu wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa mikononi mwa mama yake akauawa.

Na mimi nina la kuungama. Nikiwa shule ya msingi, tulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino. Akipita tulimwita "dili". Nilicheka, na siku moja nikalitamka mwenyewe. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilijua maana yake: huyu ana bei.

Aristotle, katika Metafizikia, ana jambo dogo ambalo darasani nililiona la kawaida tu. Anasema vitu vikitofautiana, lazima kuwe na kitu ambacho vyote wanashiriki. Huku kwetu ni rahisi kuelewa. Dhahabu ya shimo hili na ya shimo lile zinaweza kutofautiana usafi, kwa sababu zote ni dhahabu. Huwezi kuuliza muhogo una karati ngapi! Kwa hiyo nikisema "mimi na wewe tuko tofauti", nimeshakiri kwamba kuna kitu ni kimoja kwetu sote. Tofauti ya kweli inasimama juu ya undugu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaongeza, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 47: Mungu aliumba viumbe vingi na vya namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja peke yake kisingetosha kuonyesha wema wake. Na Mtume Paulo anawaambia Wakorinto kwamba karama zinatofautiana, Roho ni mmoja.

Mtu ataniuliza: Frateri, lakini si kweli kuna kitu kimepungua? Ndiyo. Mwili unakosa melanini ya kutosha, jua linaunguza ngozi, saratani ni hatari ya kweli. Ndiyo maana ile kofia, mafuta ya kujikinga na kiti cha mbele darasani siyo hisani, ni haki. Kilichopungua ni melanini. Utu haukupungua hata chembe. Ndiyo maana napenda tunavyosema siku hizi, "mtu mwenye ualbino": mtu anatangulia, mengine yanafuata.

Najua kubadili neno peke yake hakumlindi mtoto na panga. Lakini yule wa panga hakuanza na panga. Alianza na neno, na pembeni tulikuwepo sisi tuliocheka.

Yule mama nilimfuata Jumapili iliyofuata nikamwomba msamaha. Mwenzangu wa shule ya msingi bado namtafuta. Na wewe, kuna nani ulimwita jina ukacheka? Kabla ya kwenda kuungama wiki hii, jaribu kumkumbuka. Jina lake halisi ni nani?

Tuombeane.