Shikamoo ya Anayekupita

Alfajiri, kwenye mwinuko wa kutoka Bukoba mjini kwenda Rwamishenye, miguu haimfichi mtu. Mstaafu aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi anapanda akihema. Nyuma yake anakuja kijana mwepesi, na kabla ya kumpita anasema: "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Punde kijana ameshapotelea mbele.

Salamu ile nimeitafakari sana. Kwa mbio, mkubwa ni aliye mbele. Kwa salamu, mkubwa ni huyu anayeachwa. Anayepita ndiye anayeamkia, anayepitwa ndiye anayepokea heshima. Pumzi moja imetosha kukumbusha kwamba kasi haijawahi kuwa cheo.

Ugumu huja umri unapolingana. Mwenye kasi aseme nini? "Pole" yetu haingoji msiba. Tunampa anayelima na anayeteka maji. Lakini ikitoka kwa mtu anayekupita hata jasho hana, husikika kama ameuona udhaifu wako kabla ya kuiona kazi yako. "Hongera" katikati ya mlima nayo ni ya mtu mzima kwa mtoto aliyemaliza uji. Nia ni njema, ila msemaji ameshajiweka juu. Mimi nachagua neno la Wahaya, waitu, linaloandamana na salamu kuanzia Bukoba hadi Muleba. Ni neno la heshima, na ndani yake mna "wetu". Halipimi mapafu ya mtu.

Wengine watataka wote twende pamoja, kama mchakamchaka wa shuleni, ambapo wimbo ndio uliopanga mwendo na aliyeshindwa kuitikia alionyesha kwamba kundi limezidisha kasi. Naupenda mchakamchaka, lakini mwenye kasi ana haki ya kasi yake. Kumsindikiza mwenzio huku unaangalia saa kunaumiza kuliko kumpita.

Anayepitwa naye ana deni. Aitikie. Asimwone mwenzake ana majivuno kwa sababu tu ana miguu mizuri.

Kwamba kasi si cheo, Watanzania tunalijua kwa njia yetu. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti, akamaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mwaka 2025 Alphonce Simbu akatwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo. Tukamshangilia Simbu kwa moyo wote, na heshima ya Akhwari ikabaki palepale ilipokuwa.

Basi ukimkuta mtu anakimbia taratibu njia ya Muhutwe kupanda Kamachumu, mwamkie ukiwa bado nyuma yake, asishtuke. Nawe ukiamkiwa, itikia kwa sauti, hata kama pumzi imebaki kidogo.