Hema la Hiari

Upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, karibu na maporomoko ya Makalia, kuna uwanja wa kambi ambao nyani wanaujua kuliko mgeni yeyote. Anayefika pale kwa pikapu hupata ujanja ambao mwenye gari dogo hana. Hema dogo husimamishwa nyuma, palepale ambapo siku za kazi hupakiwa magunia ya viazi kutoka Molo, kamba zikafungwa kwenye kingo za gari na godoro la sponji likawekwa juu ya bati. Mvua ikinyesha, maji hupita chini. Simba aliyemo mbugani hazuiwi na turubai, lakini kulala mita moja kutoka ardhini hutuliza moyo, na kutulia moyo ndiko nusu ya usingizi.

Asubuhi, wapiga kambi hukunja hema, wakanywa chai ya moshi, wakarudi mjini wakisema wamejifunza kwamba binadamu hahitaji vitu vingi. Hilo ni dai la kifalsafa, tena la zamani sana. Je, shida ya kujichagulia humfundisha mtu chochote kuhusu shida?

Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyekufa mwaka 65 baada ya Kristo, alilijaribu swali hili mwilini mwake. Alikuwa tajiri wa kupindukia, mwalimu na mshauri wa Kaisari Nero. Katika barua yake ya 18 kwa Lucilius anashauri mtu atenge siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ajiulize kama hiki ndicho alichokuwa akikiogopa. Katika barua ya 87 anasimulia safari aliyoifanya na rafiki yake Maximus, wakiwa na gari la kukokotwa na nyumbu. Godoro liliwekwa chini, na makoti mawili yakawa moja la kutandika na jingine la kujifunika. Walifurahi siku mbili nzima. Watumwa walikuwapo pia, wachache kiasi cha kuenea katika gari moja. Walilalia nini, Seneca hasemi.

Linalomwokoa Seneca ni aibu anayoikiri. Kila walipokutana na msafara wa kifahari barabarani, alijikuta hataki wale watu wadhani kwamba gari lile bovu ni lake. Kwa hiyo kipimo chake hakikuwa usiku juu ya godoro. Kilikuwa ile dakika barabarani ambapo wakubwa wanamtazama. Kipimo hicho kingewaangusha wengi wa leo, maana Hilux yenye hema na friji ndogo inayotumia betri haimwaibishi mtu njiani kati ya Gilgil na Nakuru. Wanaoitazama wanaitamani.

Nakuru ina mahema mengine yasiyosahaulika. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao Molo, Burnt Forest na kwingineko walikusanyika katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Magodoro na sufuria vilifika juu ya malori na mapikapu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Wapo walioogopa kurudi. Baadhi yao walichanga fedha hizo, wakanunua ardhi pamoja karibu na Maai Mahiu, wakahamisha mahema. Makazi yao waliyaita Vumilia Eldoret na Jikaze. Kwa wengi wao mahema yaliendelea kuwa nyumba kwa miaka, na hakuna turubai linalostahimili miaka ya jua na upepo wa Bonde la Ufa.

Mwili haujui tofauti kati ya mahema haya mawili. Baridi ya usiku katika mwinuko wa mita 1,800 na zaidi ni ileile, na umande hudondoka kutoka paa kwa namna ileile. Tofauti imo katika ufunguo wa gari. Wa Makalia anaijua siku ya kuondoka kabla hajafika; wa Uwanja wa Maonyesho hakuambiwa. Na kutojua huko ndiko umaskini wenyewe hasa, wala hakuwezi kuigizwa wikendi moja. Mpiga kambi anaweza kujifunza giza, ukimya, na kiasi cha woga alicho nacho akisikia fisi. Si mambo madogo. Ila akidai zaidi ya hapo, anajisifu.

Dini zilikwisha kuliona tatizo hili. Walawi 23 inawaagiza Waisraeli waishi katika vibanda siku saba kila mwaka, wakumbuke safari ya kutoka Misri. Sikukuu hiyo si ngeni kabisa katika eneo hili: huko Kasuku, upande wa Ol Kalou, kuna jamii ndogo ya Wakenya wanaoshika dini ya Kiyahudi. Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi, inaruhusu hata kibanda kilichojengwa juu ya gari la kukokotwa. Pikapu basi ingekubalika, mradi paa liwe la matawi, si la turubai.

Lakini ushahidi mzito uko Kumbukumbu la Torati 16, inapotajwa sikukuu hiyohiyo. Anayefurahi katika kibanda chake anaorodheshewa wa kufurahi nao: watoto wake, watumwa wake, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Sheria haimwulizi amejifunza nini wala amejisikiaje. Inamuuliza ameketi na nani. Waislamu wana Mina, karibu na Makka, ambako mahujaji hukaa katika mji wa mahema meupe wakiwa wameacha mavazi ya vyeo. Huko nako, ni kweli, leo vinauzwa vifurushi vya mahema yenye starehe za hoteli. Fedha hupenya hata ndani ya ihramu, vazi la hija. Hata hivyo agizo lenyewe halijabadilika: unalala hapo pamoja na umati, si mbali nao.

Kambi za burudani zimejengwa kwa nia iliyo kinyume. Mteja hulipia upweke, na ua wa umeme unaoizunguka mbuga ya Nakuru humhakikishia hivyo. Naivasha hali inabana zaidi. Katika barabara ya Moi South Lake, kambi za ufukweni ziko njia moja na Karagita, makazi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, maji yaliingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto na familia zikahama na vyombo vyao. Ziwa hilohilo ndilo ambalo mpiga kambi alikuja kusikiliza viboko wake usiku. Akiichukua orodha ya Kumbukumbu la Torati kama ilivyoandikwa, hatakuwa na safari ndefu ya kutafuta wageni, na pikapu anayo ya kuwabebea.