Kusoma kwa Haki

Watu wengi hudhani kwamba kusoma ni kazi moja tu, na kwamba aliyezijua herufi amekwisha kujua kusoma. Dhana hii si kweli. Kusoma kuna namna nyingi, kama kutembea kulivyo na namna nyingi: mtu hapiti sokoni kama apitavyo juu ya daraja la gogo.

Kamusi haisomwi toka mwanzo hata mwisho. Hutafutwa neno moja, likipatikana kitabu hufungwa. Gazeti hupitiwa kwa macho mepesi, vichwa vya habari kwanza. Hadithi husomwa mfululizo, wala si vema mwanafunzi wa lugha asimame penye kila neno geni, maana maneno yanayolizunguka mara nyingi huifichua maana yake. Lakini sheria na mkataba hutaka kila neno lipimwe.

Je, msomaji, kuchagua namna ya kusoma ni jambo la ustadi tu, au ni jambo la haki pia? Mimi naona ni yote mawili. Kupitia kitabu upesi si kosa, kwani maisha ni mafupi na vitabu ni vingi. Kosa ni kukipitia upesi, kisha kukihukumu kana kwamba umekisoma. Afanyaye hivyo ni sawa na hakimu akataye kesi baada ya kusikia upande mmoja.

Neno moja laweza kuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1889 Mfalme Menelik wa Pili wa Ethiopia alifanya mkataba na Italia huko Wuchale, ukaandikwa kwa lugha mbili. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema kwamba Ethiopia yaweza kuitumia Italia katika mambo yake na mataifa mengine; kwa Kiitalia kilisema ni lazima iitumie. Kwa neno hilo Italia ilidai kwamba Ethiopia i chini ya himaya yake. Menelik aliukataa mkataba. Vita vikatokea, na tarehe 1 Machi 1896 maelfu ya watu walikufa huko Adwa, ambako Italia ilishindwa.

Basi kabla hujaanza kusoma andiko lolote, jiulize maswali mawili: natafuta nini humu, na nani ataumia nisipoelewa? Swali la kwanza litakufundisha mwendo wa macho yako. La pili litakufundisha uangalifu.